Siku Niliyokwenda Kuandikishwa Ujane

"Msimwandike huyo! Mwanangu yuko hai!"

Mama mkwe alinidaka mkono mbele ya kijiji kizima, akanivuta kutoka kwenye meza ya shirika la misaada kama anavuta mbuzi aliyeingia shamba la watu...

Paaa! Mkono ukagonga ukingo wa meza. Bangili zangu nyekundu za kioo zikavunjika zote!

Wanawake kwenye foleni wakaziba midomo. Huku kwetu wilaya ya Bardiya mwanamke huvunjwa bangili siku anapofiwa na mume. Mimi nilivunjwa zangu uwanja wa shule, saa nne asubuhi, kalamu iko mkononi.

"Umeridhika?" mama mkwe akafoka. "Umemuua mumeo kwa ajili ya mabati!"

Jamani, niliumia! Ngoja niwaeleze, halafu mnihukumu.

Naitwa Phulrani. Mume wangu Khusiram alichukuliwa na wenye bunduki wakati wa vita, asubuhi tukipanda mpunga, matope yamemfika magotini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ndoa ilikuwa na miezi saba.

Vita viliisha. Yeye hakurudi.

Miaka minane, wadau! Si mke, si mjane. Harusini wenye waume zao hawanitaki karibu. Msibani wajane wananiambia, "We nenda zako, wako anarudi." Nimekula peke yangu jikoni mpaka nikaanza kuongea na kuku. Na kuku wenyewe walinichoka.

Kila sikukuu mama mkwe alisema, "Pika na cha Khusiram." Napika. Kinapoa. Kesho yake nakila mimi.

Kaka yangu alikuja kunichukua mara mbili.

"Dada, utazeekea hapa unasubiri nini?"

Mama mkwe akaangua kilio. "Akirudi asikukute, nitamwambia nini?"

Nikabaki.

Mwaka jana mafuriko yakabomoa nyumba yetu. Tukahamia chini ya turubai, sisi na nguruwe. Shirika likaja na mradi wa nyumba za wajane wa vita. Mke wa aliyepotea? Hayumo kwenye orodha! Ukitaka nyumba, saini kwamba mumeo amekufa.

Nililia siku tatu. Siku ya nne nikaenda.

Ndipo bangili zikavunjika.

Muna, dada wa shirika, alinifunga mkono kwa kitambaa, damu inachuruzika. Kisha akafungua faili la familia yetu, lililoletwa kutoka ofisi ya serikali. Akasoma... akarudia kusoma.

"Dada, mbona hiki kifo kilishaandikishwa?"

"Kifo gani?!"

"Cha Khusiram. Miaka mitano iliyopita. Shahidi ni Bejhlal, walifungwa pamoja. Anasema alimwona akifa."

"Nani alisaini?"

Akanigeuzia karatasi. Alama ya dole gumba. Pembeni imeandikwa: mama mzazi.

Nikakaa pale pale vumbini. Kumbe yule nguruwe wetu jike, ambaye mama mkwe alisema kapewa na ndugu yake, alikuwa msaada wa wazazi waliofiwa! Kumbe asubuhi ile hakuwa anamtetea mwanawe. Alikuwa anaogopa lile faili lifunguliwe!

"Mama... ulijua?"

Hakuniangalia. "Bejhlal alikuja ukiwa mtoni, unaokota konokono wa mboga."

"Ukaniacha niendelee kumpikia?!"

"Ungeondoka, mwanangu. Ulikuwa bado binti mbichi, ungeolewa kwingine. Mume sina, mtoto wameniulia... mimi ningebaki na nani?"

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Sikufanya hata kimoja. Nilimlilia mume wangu peke yangu, nimechelewa miaka mitano, maana mama mkwe alishamlilia zamani, kimya kimya, mimi nikiwa chumba cha pili.

Nyumba nilipewa, kwa jina langu kabisa. Bati linang'aa. Nikamkabidhi mama mkwe funguo, nikabeba nguo zangu.

Hakunizuia. Alisema tu, "Umekula lakini?"

Nikaondoka.

Nawaandikia kutoka chumba cha nyuma kwa kaka yangu. Sina raha, nisiwadanganye. Wifi yangu ni mstaarabu, ila mgeni ni mgeni. Jirani alinipigia jana, anasema mama mkwe anashinda mlangoni kutwa, haongei na mtu. Simu nimeishika tangu asubuhi, namba ya mama naiangalia, kidole kinakataa.

Najua mtaandika hapo chini "msamehe tu". Haya, njooni mlale nilikolala mimi miaka ile, kisha tuongee.

Ninachowaomba ni hiki. Usimfiche mtu msiba wake ili abaki na wewe. Mwambie. Mwache alie mpaka achoke. Kisha umuombe abaki.

Mimi ningebaki.