Michembe ya Malale

Siku ile mjinga alikuwa Malale, na hata mwenyewe leo habishi. Kila siku isiyo ya shule alichunga ng'ombe wa baba yake huko Mishamo, mfukoni kajaza michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyoanikwa mpaka vikawa vigumu kama kuni. Kwa kawaida alivitafuna polepole.

Jumamosi hiyo mwenzake Kelvin akamchokoza. “Unatafuna kama bibi kizee. Wanaume tunameza.”

Malale akameza mfuko mzima, akashindilia kwa maji ya kidumu.

Jua lilipopinda, tumbo lilikuwa limevimba na kukaza. Mama alimkuta zizini amejikunja, anatapika.

“Umekula nini?”

Michembe ile ilikuwa akiba ya nyumbani, naye aliichota kwa siri. Ukweli ulikuwa na viboko ndani yake. “Maharage ya Mama Générose,” akajibu.

Jirani huyo alikuwa akimlisha tangu anajifunza kutembea. “Kumbe anatuwekea sumu,” baba akasema, akashika fimbo. Mama akabandika jikoni mizizi ya kumfanya aharishe.

Mara Générose mwenyewe akaingia uani, bodaboda ikinguruma nyuma yake. “Nimesikia mtoto anaumwa. Mpandisheni, twende zahanati.”

Baba akainua fimbo. Aibu ikamchoma Malale kuliko tumbo. “Baba, usimpige. Sijala kwake. Nimemeza michembe bila kutafuna.”

Huko zahanati, nesi Imakulata alimtundikia dripu, akakaa naye mpaka tumbo likaanza kulegea. Kisha akawageukia wazazi, waliokuwa wamemweleza yote. “Mngempa ile mizizi, utumbo ulioziba ungeweza kupasuka. Ukweli wake ndio umemwokoa.” Akamtazama Malale. “Meno na mate huanza kazi. Tumbo hukivuruga chakula kiwe kama uji, halafu utumbo mwembamba hufyonza lishe na kuiingiza kwenye damu. Kipande kikavu kizima kinalowa, kinavimba, kinaziba njia. Tafuna chakula, mwanangu, na ukweli usiumeze.”

Baba alimwomba Générose radhi, macho chini. Malale, maumivu yamepungua, ulimi ukamrudia.

“Lakini nesi, mbona ng'ombe wetu wanameza majani haraka haraka na wananenepa?”

Générose ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni.

“Ng'ombe wakishalala wanacheua, wanatafuna upya mpaka yalainike. Wewe kutwa nzima ulichotafuna ni jina langu tu.”