Mwoshaji wa Pili

Glasi zilikuwa safi, na hakuna aliyeziosha.

Povu alisimama mlangoni mwa chumba cha kuoshea, mkoba ukiwa bado begani, akaziangalia. Jana yake maji yalikatika kabla baa haijafungwa, akaziacha zimerundikana kwenye sinki na juu ya meza ya bati, na masalia ya bia, na vipande vya limau, na alama za rangi ya midomo ukingoni. Sasa zilikuwa palepale alipoziacha, nyingine zimelala, nyingine zimesimama, ila zote zinang'aa. Hata vipande vya limau havikuwepo. Alifungua bomba. Likakoroma, lisitoe hata tone.

Aliinua glasi moja akaielekeza kwenye taa. Haikuwa na doa. Lakini ilinata kidogo vidoleni, na alipoisogeza puani alisikia harufu aliyoijua vizuri, ambayo hakutarajia kuikuta kwenye glasi: harufu ya mdomo wa mtu aliyetoka usingizini.

Jina la Povu alipewa na wahudumu wa baa ile, kwa sababu tangu mlango unapofunguliwa mpaka unapofungwa mikono yake ilikuwa ndani ya sabuni hadi viwikoni. Mgongo wake ulikuwa umekwisha kwa kuinama. Na mtu mwenye mgongo wa namna hiyo, akikuta kazi imeshafanywa, haulizi maswali mengi. Alicheka peke yake, akaligeukia sinki, akasema kwa sauti, kwa mzaha:

"Haya, wewe uliyeosha, nimekupa kazi. Na kesho usichelewe."

Chini ya sinki, ndani ya bomba la maji machafu, kitu kikameza, taratibu, kama koo linavyomeza. Povu akasema moyoni kwamba ni hewa tu.

Siku iliyofuata aliacha glasi chache kwa makusudi, kujaribu. Akazikuta safi. Akaacha nyingi zaidi. Akazikuta safi. Haikupita muda akawa haoshi kabisa. Kazi yake ikawa kuzipanga tu, tena akagundua kwamba glasi iliyobakizwa kinywaji hutakata zaidi kuliko iliyokauka, basi akawa anagawa masalia, tone hapa, funda pale, kama mama anayewapakulia wageni. Hakumwambia mtu. Mgongo ulianza kunyooka.

"Povu," mwenye baa alimwambia, yule ambaye wote walimwita Bosi, "siku hizi sabuni haiishi."

"Nimejifunza kubana, Bosi."

"Wote wangekuwa kama wewe, sasa hivi ningekuwa na ghorofa."

Na wateja wakaongezeka. Baa yenyewe haikuwa na la kujivunia. Madirisha yalipakwa rangi nyeusi ili mchana usichungulie ndani, makochi ya ngozi bandia yalinata kwenye mapaja, na taa nyekundu zilimfanya kila mtu aonekane kama amechunwa ngozi. Lakini watu walikuja, wakarudi, wakaleta wenzao, na wote walisifia kitu kimoja.

"Hii bia mnaitia nini?" aliuliza fundi saa aliyekuwa na kiti chake kaunta. "Nimenunua hiyohiyo nikanywea nyumbani, chupa ileile, ikawa kama maji ya betri."

"Tunaitia mapenzi," Kitinda alimjibu.

"Basi niongeze mapenzi, na usinipunje."

Kitinda alikuwa mhudumu pale, na alikuwa mdogo wake Povu, kitinda mimba wa mama yao. Mama alipofariki, Kitinda hakuwa ameota meno, na Povu ndiye aliyempondea kila alichokula. Alikuwa binti mcheshi, mwepesi wa jibu, na alikuwa na tabia moja mbaya waliyo nayo wahudumu wengi: mteja akiondoka, yeye humalizia kilichobaki kwenye glasi. "Kumwaga ni dhambi," alikuwa akisema, akipangusa midomo.

Alianza kwa kuacha chakula.

"Dada, wali huu umeupika na nini? Kama natafuna karatasi."

"Na chumvi, kama siku zote."

"Chumvi iko wapi?" Akaisukuma sahani. Siku ya pili akaisukuma tena, na ya tatu, mpaka mifupa ya mabega ikaanza kumchungulia kwenye blauzi.

"Una mimba wewe?"

"Ya nani, dada? Ya kochi?" Akacheka, na alipocheka Povu aliuona ulimi wake. Ulikuwa mweupe. Haukuwa na ule ukwaruzo wa ulimi. Ulikuwa laini, unateleza, kama yai la kuchemsha lililomenywa.

Jioni ile Povu alitoka chumba cha kuoshea akasimama nyuma ya pazia la kaunta, akawatazama wateja kwa mara ya kwanza tangu mgongo wake upone. Alitamani asingewatazama. Bia ilikuwa imemwagika mbele ya fundi saa, naye alikuwa ameinama juu ya kaunta, macho ameyafumba, akiilamba mbao polepole, kwa ulimi mweupe uleule, akifuata mkondo wa bia mpaka kwenye kisahani cha majivu ya sigara na kukipitia vilevile. Pembeni yake mwanamke aliyevaa vizuri kabisa, na pochi yake mapajani, alikuwa akizungusha ulimi kwenye ukingo wa glasi tupu, glasi ya mtu mwingine, mtu asiyemjua, na huyo mtu mwingine hakukasirika. Alikuwa akingoja zamu. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeshangaa. Muziki ulipokatika kidogo kati ya wimbo na wimbo, ukumbi mzima ulisikika ukilamba.

Povu akalivuta pazia, akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyezipanga glasi zile.

Kesho yake alikwenda baa mapema, kabla ya saa ya kufungua, na birika kubwa la maji ya moto na sabuni ya kutosha kuosha dhambi za mji mzima. Alitaka kuzisugua zote kwa mkono wake, amalize. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Ndani hakukuwa na taa, lakini kutoka chumba cha kuoshea ilikuja sauti, nyepesi, ya haraka, kama ya paka kwenye bakuli la maziwa, na alipoisikiliza vizuri akajua kwamba si sauti moja bali ni mbili, moja nyepesi na moja nzito, na zinapishana, hii ikilamba ile inameza, ile ikilamba hii inameza, na harufu ya kinywa kilicholala ikamjia usoni ikiwa na joto lake, joto la pumzi, akasukuma mlango kwa ncha ya kiatu na mwanga wa nyuma yake ukaingia ukamwangukia Kitinda, mdogo wake, amepiga magoti kwenye sakafu iliyolowa, glasi ameikumbatia kwa mikono miwili, uso wote umezama ndani yake, mate yakimtiririka hadi kifuani, na mbele yake, kwenye glasi iliyosimama peke yake juu ya meza bila kushikwa na mtu, alama pana ya unyevu ilikuwa ikipanda juu ya kioo, ikishuka, ikipanda tena, pana kuliko ulimi wa ng'ombe, ikiacha nyuma yake uteute unaong'aa, na wala hakukuwa na ulimi, hakukuwa na mdomo, hakukuwa na kitu chochote pale isipokuwa kulamba.

"Kitinda," alinong'ona.

Kitinda akainua uso. Alitabasamu kwa aibu, kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye sukari. "Dada, usiwashe taa," alisema. "Hajamaliza."

Birika likamponyoka.

Aliyewasaidia alikuwa mshonaji mmoja wa kike mtaa wa pili, aliyejulikana kwa jina la Mama Sindano. Kazi yake ilikuwa cherehani, lakini majini aliyatoa vilevile, bila makeke, kama wengine wanavyotoa meno. Aliendelea kushona Povu akimweleza, pini zimebanwa midomoni.

"Ulikiita wewe?"

"Sikukiita, mama. Nilikuta kimeshaosha."

"Ukakiambiaje?"

Povu aliinamisha kichwa, akarudia maneno yake.

Cherehani ikasimama. Mama Sindano akazitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. "Mwanangu, hicho hujakiita. Umekiajiri. Na hiyo ni mbaya zaidi. Kilichoitwa nakifukuza kwa kisomo, kinakwenda kinapiga kelele. Kilichoajiriwa kina haki yake."

"Kinataka nini?"

"Kibarua anataka nini? Ujira. Wewe hujakilipa, basi kinajilipa chenyewe, kwa kila anayeweka mdomo kwenye kazi yake. Sasa kinachukua ladha. Ladha zikiisha kitachukua ulimi. Ulimi ukiisha..." Aliinama akaukata uzi kwa meno.

"Nitakilipa mimi."

"Hujauliza bei."

"Ni mdogo wangu, mama."

Mama Sindano akainuka kutafuta viatu.

Walirudi mchana pamoja na Kitinda, baa imefungwa. Bosi alikuwa amesimama nje akilalamika kwamba watamharibia biashara. Mama Sindano alimwambia, "Baba, ingia basi utusaidie kukishika," naye akakumbuka kwamba ana safari. Wakamkalisha Kitinda juu ya kreti tupu, mbele ya sinki. Povu aliuliza kama hawachomi ubani.

"Ubani wa nini? Hatufukuzi mbu."

Akaanza kusoma kisomo chake, chini chini, mkono juu ya utosi wa binti. Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha mdomo wa Kitinda ukafunguka, ukaendelea kufunguka kupita pale mdomo unapopaswa kukoma, na mate yakaanza kumtoka, mazito, ya manjano kama bia iliyolala, yananing'inia hadi sakafuni bila kukatika. Sauti ilipokuja ilitoka kooni mwake na chini ya sinki kwa pamoja.

"Nimeosha," ilisema. "Zote. Rangi za midomo nimeosha. Makohozi nimeosha. Majivu ya sigara, na nywele, na walichotapika wakakirudisha ndani ya glasi kwa aibu. Nimeosha kwa mdomo wangu. Nani atanilipa?"

Haikuwa sauti ya kutisha. Hilo ndilo lililomtia Povu kinyaa kuliko yote: ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka, mwenye mgongo unaouma.

"Mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyekupa kazi. Huyu hakukutuma. Wale wateja hawakukutuma. Nakulipa mimi, na kazi imekwisha."

"Taja unachotoa," Mama Sindano alinong'ona. "Chote. Usijibakizie, ukijibakizia kitarudi kuchukua kilichobaki."

"Ladha yangu. Yote."

"Fungua," ilisema sauti.

Povu akafumba macho, akafungua mdomo, na ukaingia, ulimi asiouona, wa moto, mpana, mlaini kama nyama iliyooza, ukajaza mashavu yake, ukapita chini ya ulimi wake na juu ya ulimi wake na nyuma ya kila jino, bila haraka, kwa uangalifu wa mfanyakazi anayejua kazi yake, naye alitaka kutapika lakini hapakuwa na nafasi ya kutapika, na kila ulipopita kitu kilikwenda nao, ikaenda chumvi, likaenda limau, ikaenda chai ya mama yao ambayo siku zote ilizidi sukari, ikaenda damu ya jino lake la kwanza, na mwisho, kwenye kona ya ndani kabisa ambako alijaribu kuficha kitu kimoja kidogo, ukapekua, ukakikuta, ukasimama kidogo kama unaouliza, na Povu akatikisa kichwa kukubali, likaenda chozi la Kitinda akiwa mtoto, lile alilokuwa akilibusu shavuni kulinyamazisha.

Kisha mdomo wake ulikuwa wake peke yake. Ndani ya bomba kitu kiliteremka, kikateremka mbali, kikanyamaza. Kitinda alikuwa ameanguka kwenye mikono ya Mama Sindano, analia, anatapika, anasema, "Uchungu, uchungu, jamani mdomo wangu una uchungu," na Mama Sindano alikuwa akicheka kwa furaha na kumpigapiga mgongoni. "Uchungu ni ladha, mwanangu. Tapika."

Baa ilinunua sabuni. Wateja walilalamika kwa siku chache kwamba bia imekuwa kama bia nyingine zote, wakapungua, wakahamia kwingine. Fundi saa alihamia kwenye soda. Povu na Kitinda hawakurudi pale.

Jioni moja Kitinda alipika mwenyewe. Alikuwa amenawiri, mabega yamejificha tena, na hakuacha kuongea tangu alipobandika sufuria. Alipakua sahani mbili, akaonja ya kwake, akaruka kutoka kitini.

"Chumvi! Dada, nimemwaga chumvi yote ya nchi hii! Usile, utakufa!" Akacheka mpaka akajishika mbavu, akachota tena, akala tena palepale huku anakunja uso, kwa raha, kama mtu anayekunywa dawa aliyoitafuta miaka. "Au inalika? Hebu onja uniambie ukweli."

Hakujua dada yake alilipa nini. Wakati wa malipo yale alikuwa hana fahamu, na Mama Sindano alikubali kunyamaza.

Povu aliinua kijiko. Hapakuwa na chumvi wala wali. Kulikuwa na kitu chenye joto, laini, kilichojilaza juu ya ulimi wake na kusubiri, kama ulimi wa mtu mwingine. Ndivyo lilivyokuwa kila tonge tangu mchana ule, na ndivyo litakavyokuwa. Alilitafuna. Alilisikia likiteleza chini ya meno. Mdogo wake alikuwa ameinama mbele, macho yote kwenye uso wake, akingoja.

Povu akameza.

"Chumvi imezidi kidogo," alisema, akatabasamu. "Lakini niongezee."