Mwenye Nyumba wa Adhuhuri

"Umerudi tena, mama? Umesahau kitu?"

Nasiba alisimama langoni na mkoba wake mkononi, akamtazama mpangaji aliyekuwa akianua nguo. Aliitwa Milly, aliuza nyanya sokoni Nakaloke, na walikuwa wameonana mara moja tu, siku Nasiba alipogawa funguo za nyumba yake ya vyumba vitano hapa Namakwekwe, mtaa wa Mbale. Miezi minne ilikuwa imepita tangu siku hiyo, na hakuwa amekanyaga Mbale tena.

Akamweleza kwamba ndiyo kwanza anashuka kwenye basi la Jinja. Milly akacheka kidogo, kama mtu anayetaniwa. Nasiba akaomba maji, akanywa kikombe kizima, na alipokirudisha akaona Milly hacheki tena.

"Leo umekunywa," Milly alisema kwa sauti ya chini. "Siku zote tunakupa, unakataa."

Nyumba ile ilikuwa jasho la miaka ishirini na miwili. Nasiba, mjukuu wa askari wa Kinubi, alikuwa fundi cherehani kule Kimaka, Jinja, akishona sare za wanajeshi tangu ujana wake. Mwaka wa 1996, macho yake yalipoanza kuchoka, aliamua kununua nyumba ya kupangisha imlishe uzeeni. Bei za Jinja zilimshinda, akaipata hii ya Mbale. Rafiki yake Kulusumu, aliyekuwa na nyumba tatu za kupangisha, alimwonya asinunue nyumba aliyoiona asubuhi tu. Airudie mchana, airudie siku ya mvua, awaulize majirani waliokaa humo kwanza waliondoka kwa nini. Na akishanunua alale humo hata siku chache, wapangaji wamjue. Nasiba aliiona asubuhi moja. Paa lilikuwa zima, kuta hazikuwa na ufa, na bei ilikuwa ya chini kwa kuwa nyumba ilikaa tupu miaka mingi. Hakumwuliza mtu yeyote ilikaa tupu kwa nini.

Sasa Milly alimsimulia huku akiangalia pembeni. Mama mwenye nyumba alikuja kila siku adhuhuri. Lango halikulia. Ukiinua macho tu, ulimwona amesimama katikati ya ua. Alipita chumba kwa chumba, akipapasa kuta, akiuliza nani hakulala vizuri. Kodi hakuitaja hata siku moja. Alipoondoka, ua wote ulibaki na harufu ya kitambaa kilichoungua kwa pasi.

Nasiba aliijua harufu hiyo. Ilikuwa ya kibanda chake cha kazi.

Akalala kwa Milly, na kesho yake, jua lilipokaribia utosini, akajibanza nyuma ya mlango uliobaki wazi kiasi cha upana wa kidole. Kuku waliokuwa wakichakura uani walinyamaza. Harufu ikaja kwanza, nyepesi, kisha nzito mpaka macho yakamwasha, na alipoyafikicha na kutazama tena palikuwa na mwanamke pale ambapo hapakuwa na mtu, amempa mgongo, bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia kama lilivyoshuka la kwake kwa miaka ya kuinamia cherehani, kichwa kimefungwa kitambaa alichokivaa yeye siku ile ya funguo, naye akawa anatembea taratibu bila haraka ya mtu mwenye kwao, akipitisha kiganja ukutani jinsi mtu anavyompapasa mnyama wake, mpaka akafika chumba cha tano, akainama, akaingia, na humo ndani mtoto akacheka kwa furaha.

Nasiba hakuweza kusogea hata yule mwanamke alipokwisha kutoweka.

Kulusumu, alipopata habari, hakumlaumu. Alikuja Mbale na kumtafuta Sheikh Muhammed wa Nakaloke, mzee aliyejulikana kwa mambo ya majini. Sheikh alizunguka nyumba, kisha akamwita Nasiba kando.

"Alikaa hapa peke yake miaka mingi," alisema. "Wewe ukanunua, ukaondoka siku ileile. Amevaa sura ya mwenye hati, na watu wamemkubali. Hao waliomkubali ndio watakaomtoa."

Akaeleza kwamba wapangaji wote wakusanyike adhuhuri. Kila mmoja amshike Nasiba mkono na atamke kwa kinywa chake kwamba mwenye nyumba wake ni huyu. Asibaki hata mmoja.

Siku iliyofuata walikusanyika uani. Sheikh alisoma, na harufu ya kuungua ikapanda kutoka ardhini. Milly alitamka kwanza. Wa pili akatamka, wa tatu, wa nne, na kila mara kitu fulani kilisogea darini, chini ya mabati, kikizidi kwenda pembeni kama kinachotafuta pa kutokea.

Wa tano alikuwa Babirye, mjane aliyeishi na binti yake wa miaka minne, Docus. Alimshika Nasiba mkono, akageuka kuutazama mlango wa chumba chake.

"Sema, dada," Kulusumu alimsihi.

Babirye alisema polepole kwamba mtoto wake aliugua homa kali mwezi wa pili tangu wahamie, akafikia kutomtambua mama yake. Majirani walikuwa na shughuli zao. Yule mwingine alikuja adhuhuri tatu, akaweka kiganja kwenye paji la uso wa mtoto, na siku ya tatu homa ikatoka.

"Wewe sikujui," alimwambia Nasiba bila hasira. "Mwenye nyumba wangu ni yule aliyekuja mtoto wangu akiumwa."

Akauachia mkono. Darini kukatulia tuli. Sheikh alifunga kitabu chake na kuwataka watoke wote, wasigeuke nyuma.

Wiki ile wapangaji wanne walihama. Babirye alibaki.

Nasiba alishinda Kimaka mwezi mzima hashiki kazi. Mwishowe alifunga nguo zake, amedhamiria kuhamia Mbale na kuishi katika nyumba yake mwenyewe. Alifika mchana. Ua ulikuwa umefagiwa, na lango limefungwa kwa ndani. Akabisha hodi, akabisha tena.

"Nani?" mtu aliuliza kutoka ndani. Ilikuwa sauti yake Nasiba, na kikohozi chake kidogo mwishoni.

Docus alichungulia kwenye upenyo wa lango, akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Simjui, mama mwenye nyumba," alisema akigeukia ndani. "Ni mgeni."

Nasiba alifungua kinywa ataje jina lake, na hakuna sauti iliyotoka.