Hodi Ishirini na Moja

Bisha. Nakupa ruhusa. Niite muongo, niite Jafar wa Mtopanga aliyetoroka shule kidato cha pili, yote nimeshaitwa na nikazidi kunenepa. Lakini ukishamaliza kubisha, nenda Jomvu Kuu, uliza nyumba ya Bi Mwanarehema, ufike mlango wa saba uingie bila hodi. Ukitoka ukiwa bado waweza kutaja jina la mamako, njoo unizabe kofi. Nitakuinamia nikupe shavu.

Chanzo ni gemu la simu. Alilitengeneza Rashad, mjukuu wa Bi Mwanarehema, kijana mpole kiasi kwamba akikukanyaga wewe ndiye unayeomba radhi. Gemu lenyewe ni nyumba ya kale yenye milango saba. Kila mlango waweka simu mdomoni wasema hodi. Mara tatu. Ukijibiwa karibu, waingia. Ukinyamaziwa, warudi ulikotoka, kama ulivyofunzwa kwenu, ikiwa ulifunzwa. Ukilazimisha, waanza upya. Basi. Hamna bunduki, hamna zimwi. Na Kisauni nzima ilishikwa! Ukipita Magogoni alasiri ungewasikia vijana barazani wakiziambia simu hodi, hodi, majitu yenye ndevu, jasho likiwatoka. Kilichowatisha ni kile kimya cha kungoja.

Nyumba ile Rashad hakuibuni. Ni ya nyanya yake. Chumba cha mwisho hakilalwi na mtu tangu Bi Mwanarehema aolewe, na bado hata wa kufagia hupiga hodi kwanza. Ukimuuliza, hujibu neno moja: "Mna mwenyewe." Yaani ndani mna mwenye chumba.

Akaja Fidel. Mtu wa bara, mkurugenzi wa filamu, amepanga Changamwe na mkewe Philister. Alilicheza gemu usiku kucha, asubuhi akamtafuta Rashad: tufanye filamu. Mimi nikachukuliwa nishike sauti na kuhariri, maana hakuna harusi Kisauni isiyopita kwenye kompyuta yangu maharusi wakatoka wazuri kuliko walivyo. Wa kuigiza akawa Mishi wa Likoni, mwimbaji wa harusini, mwenye sauti ya kuwanyamazisha wanawake mia wanaokula biriani. Mamake ni kipofu. Sauti ya Mishi ndiyo uso wa Mishi, kwa mama yule.

Tukakaa chumbani kwangu, juu ya duka la unga, kuipanga hadithi.

"Kaka, hodi ishirini na moja?" Fidel akasema. "Watu wataenda kununua bisi, warudi, bado anabisha."

"Ndilo gemu lenyewe," Rashad akasema.

"Kwa gemu, mimi ndiye nabisha. Simu iko kwa mkono yangu, roho yangu ndiyo inadunda. Kwa filamu nimekaa tu namwangalia Mishi akibisha. Uoga ya mtu mwingine haiingii hivyo, buda. Lazima afanye kitu."

"Kama nini?"

"Apige mlango teke."

Nikacheka. "Teke? Na buibui lake?"

"Wewe Jafar," Mishi akasema, "teke la kwanza nitalifanyia mazoezi kwako."

Rashad hakucheka. "Ukiondoa hodi umebaki na nyumba. Nyumba hata kwenu zipo."

"Na nikiacha zote nimebaki na usingizi. Gemu ukikosea unaanza tena. Filamu haina kuanza tena."

Mwishowe wakakutana kati: Mishi apige hodi, kisha teke. Bi Mwanarehema akatupa nyumba siku tatu. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatunyoshea kidole kilichopakwa hina. "Sikizani wanangu. Vyombo vyenu vingi sivijui, wala sitaki kuvijua. Hodi mupige. Mukipiga, ngojani mujibiwe."

Hodi zikapigwa zote. Tukapiga picha mchana, madirisha yamezibwa kwa magunia ili kamera idhani ni usiku. Siku ya tatu Mishi akaupiga teke mlango wa saba, ukafunguka mpaka ukutani, akaingia na kamera nyuma yake. Chumba kitupu. Ila sote tulinusa asmini na sabuni, na ule unyevu wa nywele zilizotoka kuoshwa. Fidel akasema, "Poa sana," akasahau.

Lakini filamu ilipokwisha kuhaririwa, hapakuwa na hodi hata moja. Mlango, teke. Mlango, teke. Mkurugenzi ni nani? Fidel. Basi.

Kosa la kwanza lilikuwa dogo hata nikaulaumu waya. Ilikuwa saa sita mchana, naitazama filamu mara ya pili. Mwanzoni Mishi anaingia na kusema, "Mama, nimefika." Mdomo ukacheza, nikasikia: "Nimefika." Neno la mbele halipo. Nikafungua sauti asilia. Mstari mnyoofu kama uzi. Nikanusa asmini, na nyuma yangu nikasikia kanga ikikung'utwa, pwa! kama mtu anayetaka kuivaa. Nikageuka. Mlango niliokuwa nimeufunga kwa kufuli ya ndani ulikuwa wazi mpaka ukutani.

Kesho yake Mishi akaja macho mekundu. "Jafar, kuna neno limenipotea."

"Neno gani?"

Akafungua kinywa. Hapana kitu. Akachukua kalamu, akaliandika kiganjani mwangu: mama.

Tangu hapo, kila filamu ilipochezwa neno moja lilitoka, na lilipotoka kwenye filamu lilitoka kwa Mishi. Maji. Chumvi. Njoo. Jina lake mwenyewe. Fidel akasema tusiicheze tena. Ikajicheza. Akasema futa. Nikafuta, nikiwa nimeshika kompyuta kwa mikono miwili kama mtu anayechinja, na usiku ule ule shangazi yangu ninayeishi naye akaniuliza chini kwa chini, "Jafar, mgeni wako mbona haitikii salamu? Amepita hapa na kanga moja, nywele zadondosha maji."

Ijumaa tukaenda Likoni kumtazama Mishi. Alikuwa amebaki na mlio tu, kama chupa inayopulizwa. Alikaa karibu na mamake kitandani, akamshika mkono, na yule mama kipofu akauvuta mkono wake kwa hofu akasema, "Nani huyu? Niitieni Mishi. Tangu juzi nashikwashikwa na mtu asiye na jina."

Mishi akatuangalia. Wallahi, angetutukana ingekuwa nafuu.

Rashad akasema kwa sauti ya chini, "Twende kwa nyanya. Sasa hivi."

Tulifika Jomvu Kuu, Mishi tukiwa naye, baada ya alasiri, jua bado kali. Bi Mwanarehema alitusikiliza hadi mwisho. Fidel akauliza kama aletwe mganga wa kumtoa jini.

"Umtoe umpeleke wapi?" bibi akasema. "Hapa ni kwake. Wewe ndiye wa kutolewa."

Akatutangulia ukumbini. Mlango wa kwanza, hodi. Wa pili, hodi. Kila mlango alisimama akangoja, nasi nyuma yake tumeshikana nguo kama watoto wa chuo cha Kurani, na kadiri tulivyoingia ndani ndivyo harufu ya asmini ilivyozidi kuwa nzito mpaka ukawa waionja ulimini, na sakafu ambayo ilikuwa kavu ikaanza kuwa na nyayo za maji, nyayo ndogo za mwanamke, zinazotoka kwenye mlango wa saba kuja kwetu na hazirudi, na kila unyayo tuliouvuka nikasikia nyuma ya kisogo changu kanga ikikung'utwa, pwa, na tena pwa, karibu zaidi, hata nikahisi matone ya maji shingoni nisithubutu kuyapangusa.

"Hodi," Bi Mwanarehema akasema kwenye mlango wa saba.

Kimya.

"Hodi. Ni mimi mwanao."

Kimya.

"Hodi, hodi."

Ndani sauti ikajibu. Ilikuwa sauti ya Mishi. Maneno yake yote yaliyopotea, yameshonwa upya na mwingine.

"Aliyelikata neno langu ni nani?"

Bibi akatugeukia. "Mtajeni. Akimjua, atamrudishia mtoto chake."

"Na huyo atakayetajwa?" Rashad akanong'ona.

"Atalipa."

Fidel akatuangalia mmoja mmoja. Mishi alikuwa amepiga magoti, analia bila mlio. "Mimi ndiye mkurugenzi," Fidel akasema. "Filamu ni yangu. Ni mimi."

Mlango ukafunguka kiasi cha upana wa kiganja. Hatukuona mtu. Mkono uliolowa ukatoka taratibu, vidole virefu, hina nyeusi mpaka kwenye kifundo, ukamgusa Fidel kooni kwa ncha ya kidole kimoja, kwa upole, kama mama anayemtazama mtoto kama ana homa. Ukarudi ndani. Mlango ukafungwa.

"Mama!" Mishi akapiga ukelele. "Mama! Maji! Chumvi! Mishi! Mimi Mishi!" Akawa analia na kucheka, anayataja maneno kama mtu anayeokota shanga zake.

Fidel akafungua kinywa kumpongeza. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Akajishika koo, akatuangalia, akajaribu tena na tena, mishipa imemtoka shingoni, mpaka Bi Mwanarehema akamfunika uso kwa ukaya wake akasema, "Nyamaa, baba. Imekwisha."

Mishi anaimba harusini mpaka leo. Fidel yuko kwao bara, ni bubu. Filamu haipo. Hadithi ndiyo hiyo, na kwa wengine huwa naishilizia hapo, wananinunulia soda.

Wewe umenisikiliza bila kunikatiza, kwa hiyo chukua na kipande nilichokiacha.

Fidel hakusema nikate hodi zote. Alisema nikate za milango sita, za mlango wa saba nibakishe, kwa heshima ya Rashad. Zile tatu nilizikata mimi. Alipoona hazipo alinikaripia, kisha akasema sawa, imeshakuwa nzuri. Hakujua kwa nini nimezikata.

Kwa sababu zilijibiwa. Pale ukumbini hakuna aliyesikia, lakini mimi nilikuwa na hedifoni masikioni. Mishi alisema hodi ya tatu, na ndani ya chumba kile mwanamke akajibu kwa adabu zote: "Ngoja kidogo, mwanangu, najisitiri." Nilidhani ni jirani anayeoga, anatuharibia sauti. Ningeweza kuinua mkono tu, wakasimama. Sikuinua. Mishi akapiga teke, kamera ikaingia. Kisha nikaja nyumbani nikalifuta neno lake kwa kidole kimoja, nikajisifu kwa mji mzima kwamba hakuna anayesafisha sauti kama Jafar.

Na pale mlangoni, alipouliza ni nani, Fidel alituangalia mmoja mmoja. Mimi aliniangalia zaidi. Nilikuwa na nafasi ya kutosha.

Juzi Philister alinipigia simu. "Shemeji," akasema, "wewe ulikuwa unashika sauti. Mume wangu haandiki chochote, analia tu. Niambie ukweli. Nani alikata?"

"Fidel," nikamwambia. "Ni yeye mwenyewe."

Kisha mwanamke akanijibu taratibu: "Haya."

Haikuwa sauti ya Philister. Naijua ile. Niliwahi kuifuta.