Mguu wa Kushoto wa Uweso

Gari lilisimama ghafla katikati ya mkono wa bahari, maji yakiwa yamepwa, na Mwatumu akarushwa kutoka kiti cha nyuma, tumbo likagonga mgongo wa kiti cha mbele. Alipiga ukelele mmoja tu. Baba yake, Uweso, ndiye aliyeshika usukani, na kwa muda hakuelewa kumetokea nini, maana yeye alijua amekanyaga klachi. Gari lile halikuwa na klachi.

Ilikuwa masika ya mwaka 1956, mvua haikatiki. Mwatumu alikuwa na uchungu wa kuzaa siku ya pili sasa, mtoto hashuki, na alfajiri mkunga akanawa mikono akasema wampeleke Tanga hospitali, yeye yamemshinda. Mumewe, Msafiri, alikuwa dereva wa meneja wa shamba la mkonge. Alikwenda akapiga magoti, akapewa gari la meneja lenyewe, Mmarekani mpana wa kijani, anayebadilisha gia mwenyewe.

Na gari hilo, jamani, lilishawatia Uweso na mkwewe kwenye maneno mengi. Uweso alikuwa ameendesha malori miaka ishirini, ya jeshi na ya mkonge, na kijiji kizima kilijua kwamba akipandisha kilima husikii gia zikilia. Barazani alikuwa akisema, "Gari linalojichagulia gia si gari, ni punda. Likiamua kulala njiani utalifanya nini?" Msafiri hucheka, akammiminia kahawa. Siku moja tu aliteleza ulimi akajibu, "Baba, lile linabadilisha kabla mimi sijafikiri." Uweso alimnunia wiki nzima.

Asubuhi hiyo walipokaribia Tongoni walikuta mafuriko yamezoa kalvati, barabara imekatika mapande mawili. Uweso akasema ipo njia ya malori, chini mikokoni, maji yakipwa mchanga ni mgumu. Ilikuwa kweli, na maji yalikuwa yamepwa. Kisha akaongeza, "Nipishe hapo, mimi ndiye niijuaye."

"Baba, gari hili lina tabia zake," alisema Msafiri.

"Na mimi nina zangu. Shuka."

Sasa niambie, kijana atamkatalia vipi baba mkwe, na mama mkwe kaketi nyuma anatazama? Msafiri alishuka, akazunguka, akakaa kando.

Walifika katikati salama. Hapo mchanga ukalainika, mlio wa injini ukawa mzito, na kwa miaka ishirini mlio ule ulikuwa na maana moja: shusha gia. Mguu wa kushoto haukuomba ruhusa. Ulikwenda wenyewe, ukakuta pedeli pana, ukaididimiza mpaka chini. Pedeli ile ilikuwa breki.

"Anatoka damu," alisema Chiku, mkewe, kutoka nyuma.

Uweso akakanyaga moto. Magurudumu ya nyuma yalizunguka, yakachimba, tako la gari likashuka. Akakanyaga tena. Likashuka zaidi. Upande wa bahari maji yalishageuka, yanarudi, povu jembamba linatambaa kati ya mizizi ya mikoko.

"Baba, niachie mimi," Msafiri alisema. "Tafadhali."

"Nimenasua malori ya tani tano, nishindwe na sufuria hii?" Akakanyaga mara ya tatu. Mchanga ukaruka, harufu ya mpira ikajaa garini.

Mwatumu aliinua kichwa kutoka mapajani mwa mama yake. Midomo ilikuwa imepauka. "Baba," alisema. "Shuka."

Uweso alishuka, Msafiri akahamia kwenye usukani. Maji yalimfika vifundo vya miguu, kisha magotini, na hakusubiri yafike kiunoni. Aliinama akatazama mbele ya gari, akapiga kelele, "Zima injini! Nitoe mkanda wa feni, la sivyo itarusha maji ya chumvi kwenye plagi, na hapo tumekwisha."

Msafiri alisita. "Likikataa kuwaka, baba? Hili halisukumwi likawaka kama lori."

"Likikataa tutambeba Mwatumu begani. Zima!"

Msafiri akazima. Pakawa kimya, isipokuwa maji na pumzi za Mwatumu. Uweso alifungua boneti, akalegeza nati kwa spana iliyoteleza mara mbili. Mara ya pili ikampasua kiganja. Mkanda ukatoka. Alikata matawi ya mkoko kwa panga la meneja lililokuwa garini, akayasokomeza chini ya magurudumu, akaongeza mazulia ya gari, akamwomba Chiku kanga yake ya juu. Chiku akaivua akampa.

Gari lilikohoa. Likakohoa tena, likawaka.

Akaenda nyuma kusukuma, na hapo ndipo alipoona kitu ambacho hajapata kukiona. Msafiri alikuwa akihamisha mkono wa gia, mbele kidogo, nyuma kidogo, polepole, kama mtu anayebembeza mtoto mgongoni. Gari halikushtuka wala kuruka. Kila lilipokwenda mbele lilipata shubiri moja zaidi, na kila liliporudi lilijiandalia nafasi. Kwa klachi Uweso angelishtua, na kila mshtuko ungechimba shimo. Alilijua hilo vizuri sana, na aliona aibu, aibu ya kweli, iliyomchoma kuliko chumvi iliyoingia kiganjani.

"Sasa!" aliita Msafiri. Ilikuwa mara ya kwanza kumwamrisha mkwewe, na mkwewe alitii. Aliweka bega kwenye bampa, maji yakiwa kiunoni, akasukuma hadi akaona nyota mchana kweupe. Gari lilipanda matawi, likaondoka. Uweso akaanguka kifudifudi, akameza maji, akainuka, akalifuata mbio mbio hadi ng'ambo. Wimbi la kwanza kubwa lilifukia lile shimo nyuma yake.

Alirudisha mkanda, damu ikichuruzika hadi kwenye kiwiko, akakaa kando ya dereva. Safari nzima, mpaka wakaingia Tanga na kupita Chumbageni, alikuwa akihesabu pumzi za binti yake.

Hospitalini wauguzi wawili walimpokea Mwatumu kwenye machela. Mmoja, mwanamke mnene mwenye saa kifuani, aligusa tumbo akakunja uso.

"Tumbo limekaza kama ubao. Ameanguka huyu? Amegongwa?"

"Hapana, sista," alisema Msafiri haraka. "Mashimo tu. Barabara mbovu."

"Mashimo, mwanangu," Chiku akaitikia, macho chini. "Mvua hizi."

Muuguzi akaanza kuandika. Uweso aliwatazama wote wawili. Walikuwa wakimsitiri, mkwe kwa adabu, mke kwa mazoea ya miaka, na wala hawakujua wanamsitiri kwa gharama ya nani.

"Sista, usiandike hivyo," alisema. "Si mashimo. Ni mimi. Nilishika usukani wa gari nisilolijua, nikalazimisha kwa kuwa mimi ni mkwe. Nilikanyaga breki, akajigonga tumbo kwenye kiti, kwa nguvu. Saa tano. Damu imeanza hapo hapo."

Muuguzi aliangalia saa yake, akageuka akamwita daktari kwa sauti iliyowafanya watu wa foleni wasimame. Machela ikaenda mbio. Walimpasua Mwatumu kabla hata Uweso hajafungwa kiganja.

Mtoto alitolewa akiwa kimya. Walimsugua, wakampuliza, na Uweso, upande wa pili wa mlango, alisikia kimya kile chote mpaka kilipokatwa na kilio chembamba. Akakaa sakafuni. Daktari alitoka baadaye akasema kondo la nyuma lilikuwa limebanduka kwa kule kugongwa. Lau wangengoja waone, wangewapoteza wote wawili.

Siku ya tatu ndipo aliporuhusiwa kumwona bintiye. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, hajui aanzie wapi. Mwatumu alikuwa amekonda, mtoto kifuani.

"Ingia, baba."

"Mwanangu, mimi..."

"Nilikusikia," alisema Mwatumu. "Pale kwenye machela nilikuwa macho. Niliwasikia mume wangu na mama wakisema mashimo, na mimi sikuwa na nguvu ya kufungua mdomo. Nikasema moyoni, basi, nakufa ili heshima ya baba isiguswe. Ndipo wewe ukasema."

Akamsogeza mtoto kidogo upande wa ukuta, baba apate pa kukaa.