Buloni ya Lori Lililoungua

Kila asubuhi binti yangu Kanyere alichota maji, akamnawisha mdogo wake Kambere, kisha akaenda shule. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Vita vilikuwa vimeondoka Goma, lakini wakimbizi walikuwa bado wamejaa kambi ya Kanyaruchinya, na mimi nilishtuka kila mlango ulipogongwa.

Mwaka ule watoto wa mtaa walipanga mashindano ya chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali. Wangeteremka kutoka Kibati, juu ya mji, Jumapili baada ya misa. Kanyere alijitengenezea yake.

"Chukudu ya musichana!" Benny, mtoto wa jirani, alimcheka. "Itafika chini ikiwa kuni!"

"Basi utaziokota wewe, maana utakuwa nyuma yangu."

Jumamosi niliiangalia chukudu ile vizuri. Usukani ulishikwa na buloni moja, bolti ya chuma nene kama kidole gumba, nyeusi, yenye rangi kama ya bluu. Hiyo ni rangi ya chuma kilichopita motoni. Kwenye barabara ya Rutshuru kulikuwa na lori lililoungua na watu waliokuwa wakikimbia vita. Mdogo wangu Julie alikuwa ndani. Nikipita pale, huvuka upande wa pili, sitazami.

"Kanyere, buloni hii ulitoa wapi?"

"Kwa lori lile, mama. Iko nguvu kabisa! Hata namba ya nguvu iko juu ya kichwa chake."

"Rudisha! Ni kitu cha wafu."

"Mama, chuma hakina roho."

Nilikuwa nimempa hofu yangu, sikumpa sababu. Basi tukaisukuma chukudu hadi kwa muzee Mirindi, fundi wa chukudu.

Mirindi alifungua nati, lakini buloni ikagoma. Akaigonga mpaka ikatoka. Ilikuwa imepinda, na katikati ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Umeshateremka nayo?" aliuliza.

"Mara mbili, muzee."

"Peke yako?"

Kanyere aliinamisha kichwa. "Na Kambere. Alikaa mbele."

Nikakaa palepale juu ya mawe ya volkano. Lori lile lilikuwa limekaribia kunichukulia wengine wawili.

Mirindi aliibana buloni kwenye meza yake, akaipiga nyundo mara moja. Ikakatika vipande viwili. Akabana buloni mpya ya namba ileile, akaipiga mara nne. Nyundo ikaruka, buloni ikabaki vilevile.

"Lakini namba, muzee?" Kanyere aliuliza. "Zote mbili ziko na namba moja."

"Namba inasema nguvu ya siku ilipotoka kiwandani, mutoto wangu. Moto haufuti namba, unafuta nguvu."

Kanyere alivitazama vile vipande viwili. Kisha akasema polepole, "Benny naye alitoa yake palepale. Tulienda pamoja."

Hakungoja tumjibu. Alikamata vile vipande viwili, akakimbia.

Alimkuta Benny nyumbani kwao, akipaka usukani mafuta.

"Umekuja kuomba nikuache ushinde?" Benny alisema.

Kanyere akafungua kiganja. Benny alivitazama vipande, akatazama buloni yake, na kicheko kikamwisha. Akaisukuma chukudu yake, wakaenda kwa Mirindi.

Jumapili wenzao waliteremka Kibati. Hao wawili walibaki karakanani kwa Mirindi wakipiga mbao msasa, kazi ya kulipia buloni mpya. Kelele za washindi zilifika hadi pale, na Kanyere alilia kidogo.

"Lia, si vibaya," Mirindi alimwambia. "Lakini kitu kinachobeba mutu, usikichague kwa unene wala kwa sababu kilikuwa cha bure. Uliza kimetoka wapi na kimepitia nini. Ukikosa jibu, usikifunge."

Watoto mnaosoma, shikeni neno hilo. Kanyere na Kambere wako hai. Lakini mpaka leo, nikisikia chukudu ikiteremka juu ya mawe, naacha kazi iliyo mkononi, nasikiliza mpaka ifike chini.