Kiganja Kitupu

Harufu ya sambaza waliokaushwa, dagaa wa Ziwa Kivu, haikuwa na kazi yoyote katika ile nyumba ya wazee ya Penrith, pembezoni mwa Sydney. Mahali penyewe palinuka dawa ya kuua vijidudu kuanzia mlangoni hadi jikoni, na mwaka ule wa 2021, mwaka wa lokdauni, walifuta mpaka vitasa. Lakini jioni ile ya Julai, Chibalonza, mhudumu wa pale, aliposimama nyuma ya kiti cha magurudumu cha Mama Consuelo, harufu ilimjia puani, kali, yenye jua la Bukavu, kwao Kongo, ndani yake. Mama yake mzazi aliuza sambaza huko, soko la Kadutu, miaka thelathini. Alikuwa amekufa tangu Februari.

Wageni walikuwa wamepigwa marufuku, basi wazee wakatafutiwa burudani. Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, mwongozaji mmoja wa Hispania, Inés, aliwatembeza kwa video ndani ya jumba la sanaa la kwao, nao wakamtazama kwenye televisheni kubwa ya sebuleni. Huko ilikuwa asubuhi, milango haijafunguliwa, na Inés alipita kumbi tupu peke yake, barakoa usoni, viatu vikigonga sakafu ko, ko, ko. Mama Consuelo, aliyezaliwa Hispania na kuzeekea Sydney, hakukosa hata Alhamisi moja. Chibalonza alimwita Mama kama alivyowaita bibi wote wa pale. Kumtaja mtu mzima kwa jina tupu kulimshinda, hata mabosi walipomkanya.

Siku hiyo Inés alikuwa akieleza picha ya mtakatifu aliyekonda mbavu nje, picha nyeusi karibu yote. Nyuma ya Inés, ukumbini, palikuwa na benchi, na juu yake ameketi mwanamke, amewapa mgongo, kajifunga kitenge.

"Yule ni nani?" Mama Consuelo aliuliza.

Inés akageuka. "Wapi, señora? Niko peke yangu."

Wazee wengine hawakuona kitu. Chibalonza aliona, na kitenge akakitambua: kile cha njano chenye ndege alikituma yeye mwenyewe kutoka Blacktown, alikoishi hapo Sydney, na ndicho mama yake alichozikwa nacho.

Gloriose, mfanyakazi mwenzake, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma na asiyekosa neno, alimsikiliza nje kwenye maegesho, barakoa kidevuni.

"Dada, hilo ni jini," alinong'ona. "Linavaa sura ya mtu unayemlilia. Likikuita usiitike, hata kama ni sauti ya mamako kabisa."

"Haiko inaniita. Iko inakaa tu, kama mutu anangojea."

"Anangojea nini?"

Chibalonza akarudi ndani. Alijua vizuri sana, ila aliona aibu kulisema.

Mama yake alipokuwa hoi huko Bukavu, alimwuliza kwa simu kama atakuja kumzika, naye akasema nakuja. Mipaka ya Australia ikawa imefungwa. Siku ya mazishi mdogo wake, Symphorien, alisimama kaburini na kumpigia kwa video. Kwao mtoto wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza, na watu wote walikuwa wamesimama juani wakimngoja yeye. "Yaya, tupa udongo palepale uko, watu wakuone," Symphorien alimwambia; yaya kwao ndiye dada mkubwa. Yeye alikuwa kazini, kajifungia chumba cha kunawia, vigae chini, vigae ukutani, na kengele ya mzee mmoja inalia. Akakunja kiganja kitupu, akakirusha mbele ya kamera. "Nimetupa," akasema. Watu wakaitika amina, machepeo yakaanza kufukia. Hakumwambia mtu, wala mumewe.

Alhamisi iliyofuata mwanamke alikuwa ukumbi mwingine, benchi jingine, amegeuka ubavu. Alhamisi ya tatu, Inés alipoingia ukumbi wa mwisho na kuanza kueleza kwa sauti yake ya upole jinsi mchoraji alivyopaka giza kwanza na mwanga baadaye, taa za kule zikafifia, ko ko ya viatu ikaendelea ingawa yeye mwenyewe alikuwa amesimama, harufu ya sambaza ikajaa sebule mpaka Chibalonza akaionja kooni, na mwanamke akainuka benchini, akaja polepole, akampita Inés bila Inés kupepesa jicho, akazidi kuja mpaka uso wake ukajaa kioo kizima, uso wa mama yake, kidevu kimefungwa kitambaa cheupe, na mkono umenyooshwa. Kiganja kilikuwa wazi. Hakikuwa na kitu.

"Anakuomba," Mama Consuelo alisema taratibu, bila woga wowote. "Mpe, binti yangu. Mtu hatoki mbali hivyo bure."

Chibalonza alikimbia uani, akachota udongo chini ya mawaridi aliyoyapanda Mama Consuelo, akarudi akihema.

"Mama, unisamehe," alisema, machozi yakilowesha barakoa. "Ile siku nilikudanganya. Sikukuwa na udongo."

Akaurusha. Udongo mweusi uliruka kuelekea kwenye televisheni, na hata chembe moja haikuanguka zuliani.

Inés akapiga kelele. "Nani ameleta hii humu?" Kamera yake iliinama: chini ya picha, juu ya sakafu inayong'aa, palikuwa na rundo dogo la udongo mwekundu, mbichi, kama wa Bukavu baada ya mvua. Mama yake Chibalonza akafunga kiganja, akaondoka kupitia mlango wa mbali. Chibalonza alitamani ageuke mara moja tu. Hakugeuka, na binti yake alilia mpaka Gloriose akaja kumtoa.

Korona ilimchukua Mama Consuelo katikati ya Agosti, kwa siku nne tu. Mwanawe wa pekee, Rafael, alikuwa Perth, upande wa pili wa Australia, na mipaka ya majimbo imefungwa. Alitazama kwenye kompyuta jeneza likishushwa.

Alhamisi iliyofuata Inés aliuliza, "Na señora Consuelo, yuko wapi leo?" Nyuma yake, benchini, alikuwa ameketi bibi wa nywele nyeupe, na sweta ya buluu ambayo Chibalonza ndiye aliyemvisha asubuhi ya mwisho. Mkono wake umenyooshwa.

Chibalonza akatia mkono mfukoni. Tangu siku ile hakutembea bila udongo kidogo kwenye kifuko. Akaushika, kisha akauacha. Huu haukuwa wake kuutupa.

Akaenda ofisini, akatafuta namba ya Perth. Simu iliita muda mrefu.

"Rafael? Ni mimi niliyemtunza mama yako," alisema, na harufu ya mawaridi tayari ilikuwa imejaa chumba, ingawa madirisha yote yalikuwa yamefungwa. "Samahani sana, ndugu yangu. Hapo ulipo, kuna udongo karibu?"